Tuliipiga Msasa Bunduki, Tukaifuta Historia

Majuzi mwalimu mmoja kijana, ambaye niliwahi kumfundisha, alinitembelea nyumbani akiwa na furaha isiyo kifani. Shule anakofunza imeanzisha kabati la vitu vya kale: mikuki miwili, ngao, kofia ya chuma ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia, na singe ndefu iliyotolewa na jamaa za mzee mmoja aliyehudumu katika K.A.R. "Wanafunzi walishinda Jumamosi nzima wakivisugua kwa msasa na majivu," akaniambia. "Sasa vinang'aa kama vipya, Mwalimu!"

Nilimpongeza kwa kabati hilo, kwani ni walimu wachache wanaojishughulisha na mambo kama hayo siku hizi. Kuhusu msasa sikutamka neno. Nilinyamaza kwa kuwa mimi ndimi wa mwisho mwenye haki ya kumlaumu mtu kwa kosa hilo, na kule kunyamaza kwangu ndiko kulikonifanya niishike kalamu leo.

Katika miaka ya themanini, nilipokuwa ningali mchanga katika kazi ya ualimu, nilifunza katika shule moja ambayo kabla ya uhuru ilikuwa na kikosi cha vijana waliofundishwa gwaride. Kikosi kilikuwa kimevunjwa zamani, lakini katika stoo, nyuma ya madawati mabovu, kulisalia bunduki moja. Msomaji asije akadhani kwamba tulikuwa na silaha. Ilikuwa bunduki ya gwaride tu. Mtutu wake ulikuwa umetobolewa, pini ya kufyatulia imekatwa, na kwenye chuma zilipigwa herufi D.P., ambazo katika jeshi la Uingereza maana yake ni kwamba chombo hicho hakifai kwa lolote ila mazoezi. Siku ya wazazi ilipokaribia nilitumwa niipambe ili itundikwe ukutani. Niliwachukua wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, karatasi za msasa, chupa ya vanishi, na mkebe wa rangi nyeusi uliobaki baada ya lango la shule kupakwa.

Tulifanya kazi hiyo kwa bidii ya mchwa. Mbao za kitako zilikuwa nyeusi kwa jasho na mafuta ya miaka mingi, nasi tukazikwaruza mpaka zikawa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Kisha kijana mmoja akasita. Upande wa kushoto wa kitako palikuwa na herufi mbili tatu zilizochongwa kwa ncha ya kisu, na chini yake vijistari vinne au vitano. Akaniuliza, "Mwalimu, na hizi tuzifute?" Nilizitupia jicho mara moja tu. Machoni pangu hazikuwa tofauti na uchafu wa mtoto mtundu anayekwangua jina lake juu ya dawati. Nikamwambia, "Futa."

Bunduki ilitundikwa, wazazi wakaipenda, nami nikasifiwa mbele ya halaiki.

Miaka kama mitatu hivi ilipita. Siku moja mzee mmoja, babu ya mwanafunzi wetu, alikuja shuleni kwa shughuli za karo. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa fundi wa silaha katika K.A.R. na kwamba alifika Burma na kurudi. Alipoiona bunduki ukutani, aliomba aishike. Hakuielekeza popote wala hakuiweka begani kama watoto wafanyavyo. Aliilaza juu ya meza kama daktari anayemlaza mgonjwa, akavaa miwani, akaanza kuisoma. Nasema kuisoma, kwa maana hilo ndilo neno. Alikwangua rangi yangu ya lango kwa ukucha kwenye ile pete ya chuma iliyo shingoni mwa kitako, pale mkono wa kulia unaposhika, na pakatokea taji, herufi G.R., jina la kiwanda cha B.S.A., mwaka 1917, na alama ya aina ya bunduki yenyewe. Kisha akalivuta komeo, yaani kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kutia risasi, akalinganisha namba iliyopigwa kwenye mkono wake na ile iliyopigwa juu ya mwili wa bunduki. Hazikulingana. "Hili komeo si lake," akasema. "Ameoa mara ya pili huyu." Akapapasa mbao na kunionyesha kiraka kidogo, kipande cha mti kilichochomekwa kwa ustadi kiasi kwamba mimi niliyekisugua kwa saa nzima sikukiona. Kwa maoni yake kilikuwa kazi ya karakana ya jeshi wala si ya seremala wa mtaani.

Alipokigeuza kitako upande wa kushoto, akakaa kimya. Alinitazama, akaniuliza kwa upole mno, "Mwalimu, ni nani aliyeiosha?"

Nilimweleza yote, pamoja na zile herufi. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba askari alikatazwa kuchonga mbao za serikali, na aliyethubutu kufanya hivyo aliadhibiwa. Kwa hiyo aliyechonga alikuwa na neno alilotaka libaki. Kisha akaniuliza herufi zenyewe zilikuwa zipi. Sikuweza kumjibu.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya bunduki kuukuu za kijeshi na watu wanaozikusanya. Huku kwetu jambo hilo huonekana la ajabu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimruhusu mtu kuweka bunduki nyumbani pasipo kibali, na kwa nchi ambayo imeshuhudia yaliyotokea katika mipaka yake ya kaskazini sina ugomvi na ukali huo. Lakini Marekani, na kwa kiasi fulani Uingereza, kuna maelfu ya watu ambao hukusanya bunduki za vita vilivyopita kama wengine wanavyokusanya stempu. Baadhi yao ni wapenda silaha tu, nami sina la kuwaambia. Wengine, hata hivyo, ni wasomi wasio na shahada. Wamejenga elimu pana ya kutambua kama kitu kimebaki katika hali yake ya asili au kimechakachuliwa, elimu ambayo mwalimu wa Historia angeiona na kuionea wivu.

Jambo la kwanza wanalolitazama ni zile namba. Bunduki ya kijeshi haikuwa chungu cha vipande vilivyookotwa. Katika Lee-Enfield, ambayo wazee wetu waliobeba silaha katika K.A.R. na polisi waliijua kama wanavyojua jembe, komeo lilichaguliwa kwa ajili ya mwili mmoja tu, kwa kuwa nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi haina budi kuwa ya kipimo maalumu. Ikizidi, ganda la risasi huweza kupasuka. Fundi akisha kuvioanisha, alipiga namba moja juu ya vyote viwili. Katika zile za mwanzo namba hiyo ilipigwa pia kwenye mtutu, kwenye kilengeo, kwenye chuma cha mdomoni na hata kwenye mbao za mbele. Wajerumani walizidi: katika Mauser zao za vita vya pili walipiga tarakimu za namba hiyo mpaka juu ya skrubu. Bunduki ambayo namba zake zote zinalingana imepita katika mikono mingi bila ya kuvunjwa na kuchanganywa na nyingine, na wakusanyaji huilipia bei inayoizidi mbali nduguye mwenye namba mseto. Palipo na bei, bila shaka, hapakosi mlaghai. Kuna wanaosaga namba za komeo na kupiga mpya ili zilingane. Ndiyo maana mjuzi huangalia umbo la kila tarakimu, kina chake, na kama kingo zake zimelika kwa kiasi kile kile ambacho chuma kilichozizunguka kimelika.

Baada ya namba huja ngozi ya chombo chenyewe. Chuma cha bunduki kilitiwa rangi ya buluu iliyokolea au nyeusi kiwandani, na rangi hiyo huchakaa kwa utaratibu. Huondoka pale mkono unaposhika wakati wa matembezi, mdomoni mwa mtutu panapofungwa singe, na kwenye mkono wa komeo. Ikiwa bunduki ya mwaka 1917 ina rangi sawasawa kila mahali, hata ndani ya mikwaruzo, basi imepakwa upya, hata kama mwenye kuiuza ataapa kwa jina la mama yake. Mbao nazo husema. Mbao ambayo haijapigwa msasa huinuka kidogo juu ya chuma kinachopakana nayo, na mihuri ya wakaguzi iliyopigwa juu yake husomeka kwa vidole. Msasa ukipita, mbao hulala chini ya chuma, kingo hupoteza ukali, na mihuri hubaki kama kivuli. Kitendo hicho hakirudishiki. Kutu unaweza kuizuia, skrubu unaweza kuitafuta. Mbao iliyokwisha kuwa vumbi chini ya meza ya stoo hairudi.

Huenda msomaji akauliza kama hali ya asili maana yake ni hali ya siku ile chombo kilipotoka kiwandani. Hapa ndipo wakusanyaji wenyewe wanapogombana, na hapa ndipo ninapoona somo kubwa kuliko bei za minadani. Jeshi halikuweka bunduki zake katika kabati la kioo. Lilizikarabati. Lee-Enfield nyingi zina herufi F.T.R. na mwaka, alama kwamba zilirudishwa kwa matengenezo kamili, zikabadilishwa mbao, pengine mtutu, zikapakwa upya. Baada ya vita vya pili Waingereza wenyewe walizipaka bunduki zao rangi nyeusi, na hiyo ndiyo sababu yule mzee hakuanza kwa kuilaumu rangi yangu. Aliikwangua kwanza apate kujua ni ya nani. Warusi nao walizikusanya Mauser walizowateka Wajerumani, wakazifungua, wakasafisha vipande kwa pamoja, wakaviunganisha bila ya kujali ni kipi cha nani, kisha wakaandika namba ya mwili juu ya komeo geni kwa kalamu ya umeme. Mkusanyaji wa zamani aliziita takataka. Mimi naona kwamba ile namba mbaya iliyokwaruzwa kwa haraka ni ushahidi halali: ni mwandiko wa mshindi juu ya mali ya aliyeshindwa.

Kinachonikera zaidi ni lile zoezi la kuirudisha bunduki katika hali ambayo haikuwa nayo tena. Chukua M1 ya Wamarekani, ambayo ilibuniwa na John Garand na kupokewa na jeshi mwaka 1936. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5. Zile za vita vya pili ziliporudi, karakana za serikali zilizivunja na kuziunganisha upya, nyingine zaidi ya mara moja, hata ni nadra kuikuta moja iliyo na vipande vyake vya kwanza. Leo kuna mtu ambaye hununua M1 iliyotengenezwa mwaka 1943 na kukarabatiwa baadaye, kisha akatumia miaka kumi akitafuta vipande vya mwaka 1943 kutoka bunduki nyingine, kimoja kimoja, mpaka akapata M1 ambayo kila kipande chake ni cha mwaka huo. Huiita sahihi. Kwa hakika ametunga hadithi. Vipande vyote ni vya kweli, ila bunduki ni ya uongo, kwani havikuwahi kukutana kabla ya yeye kuvikutanisha. Isitoshe, ili ajenge hiyo moja amezivuruga nyingine kadhaa. Wanafunzi wa Historia, litafakarini hilo mnapookota sentensi za kweli kutoka vitabu sita ili kujenga jambo ambalo halikutokea.

Basi haya yanatuhusu nini sisi tusiokusanya bunduki? Yanatuhusu kwa njia ya damu. Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja na ya baruti yenye moshi, wakati majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yameiacha zamani. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilipanda juu yake na kumwambia adui mahali alipo. Mwezi wa Novemba mwaka huo Waingereza waliposhindwa vibaya Tanga, waliacha nyuma mamia ya bunduki zao za kisasa, na askari wa Wajerumani wakazichukua. Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Novemba 1917, jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano, likateka tena mamia ya bunduki. Nyingi za Wareno zilikuwa Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904. Juu yake kuna alama ya mfalme Carlos, na pia jina la kiwanda kilichozitengeneza, D.W.M. cha Berlin.

Hebu itazame bunduki hiyo kwa makini. Imetengenezwa Ujerumani, imeuzwa Ureno, imepigwa alama ya mfalme ambaye nchi yake ilimpindua mrithi wake mwaka 1910, imeletwa Msumbiji, kisha imetekwa na askari Mwafrika anayewapigania Wajerumani ambao ndio walioitengeneza. Jeshi hilo liliposalimu amri huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa 1,071, na orodha inazitaja kuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kaisari liliweka chini silaha za maadui zake. Hayo yote huweza kusomwa katika chuma kimoja, ilmuradi hapajatokea mwalimu mwenye msasa na mkebe wa rangi ya lango.

Wala bunduki hazisemi yote, nami nisije nikazipa sifa kuliko stahili yake. Wengi wa watu wetu waliokwenda katika vita hivyo hawakushika bunduki. Walibeba mizigo, wakafa kwa maradhi na njaa maelfu kwa maelfu, na mzigo wa chakula haupigwi namba. Tukiijaza kabati silaha peke yake tutakuwa tumewasahau mara ya pili.

Zipo pia silaha ambazo hakuna kiwanda kilichozipiga muhuri. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki misituni kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mpira, na baadhi yake zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, mengine yakiwa Uingereza. Ni sura mbaya ya bunduki, nayo ilikuwa na hatari kwa aliyeishika karibu sawa na aliyeelekezewa. Thamani yake yote imo katika ule ubaya: alama za tupa, waya uliokazwa kwa koleo, mbao iliyochongwa kwa panga. Mtu akiilainisha ili ipendeze atakuwa amemnyang'anya fundi wa msituni saini yake.

Hapa naomba niseme neno ambalo huenda lisiwafurahishe wakubwa. Mwezi wa Novemba mwaka 2016 serikali yetu ilizichoma moto silaha zaidi ya 5,000 huko Ngong, silaha zilizonaswa au kusalimishwa. Sikupinga wakati ule wala sipingi sasa. Bunduki inayoweza kuua haina haki ya kuishi kwa sababu tu ni kuukuu, na mjane wa mtu aliyeuawa na wezi wa mifugo hana haja ya mihadhara yangu kuhusu mihuri ya wakaguzi. Ninachouliza ni kama kabla ya moto kuwashwa kuna mtu anayepita na daftari. Kila chuma kina kiwanda, mwaka, namba, alama za jeshi lililokimiliki na za jeshi lililokiteka. Hayo yakiandikwa na kupigwa picha, tungeweza kujua ni njia zipi zilizozileta silaha hizi katika vijiji vyetu. Kazi hiyo wanaweza kuifanya wataalamu wa polisi wakishirikiana na Makumbusho ya Kitaifa na wanafunzi wachache wa vyuo vikuu, kwa gharama isiyozidi ya hema na viti vya sherehe yenyewe. Na ikiwa miongoni mwake imo moja ambayo kweli ilikuwa Tanga au Salaita, basi ikatwe pini, izibwe mtutu, ipelekwe Makumbusho. Wanaochoma bila ya kuandika hufanya kwa moto nilichofanya kwa msasa.

Nirudi kwa walimu wenzangu walio na makabati. Kitu chochote kikiletwa, jambo la kwanza si kukisugua bali ni kuuliza. Nani alikuwa nacho? Alikipata wapi? Kilikaa wapi tangu wakati huo? Majibu yaandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na jina la aliyeyatoa, kwa kuwa mzee aliyekuja leo na singe ya marehemu kakake hatakuja kila muhula. Kisha kichorwe au kipigwe picha kila upande, hata upande usiopendeza. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Kutu hai, ile nyekundu inayoacha unga kidoleni, izuiwe kwa mafuta mepesi kidogo. Ile nyeusi iliyotulia iachwe. Mbao zisitiwe vanishi. Wanafunzi waachiwe kioo cha kukuzia na daftari, si msasa, na watashangaa jinsi saa moja inavyopita.

Kuhusu silaha zenyewe sina budi kusema bila ya kificho. Mwanafunzi anayeokota risasi ya zamani katika nyanda za Taveta asiidhanie kuwa imekufa kwa sababu ya umri. Baruti ya zamani ingali baruti. Aiache ilipo na amwite mtu mzima, na mtu mzima awaite polisi. Hata ganda tupu lina la kusema pale pale lilipoanguka: makumi ya maganda yaliyolala mstarini hutuonyesha mahali askari walipojipanga na walikoelekeza mitutu yao. Likitiwa mfukoni na kupelekwa nyumbani, hubaki kipande cha shaba. Bunduki ikipatikana darini mwa nyumba ya babu ni mambo ya polisi kwanza na ya historia baadaye, wala mwalimu asijaribu kubadilisha mpangilio huo.

Ile bunduki ya shule yetu ilichukuliwa zamani, baada ya mkubwa mmoja kuuliza kwa nini chombo kama hicho kinaning'inia ofisini, D.P. au si D.P. Sijui iliko. Yule mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki. Lakini mmoja wa wale vijana wawili, aliyeniuliza kama afute, leo ni fundi wa mbao mwenye karakana yake, na kila tunapokutana hatuachi kuzungumza habari hiyo. Mimi nakumbuka kwamba herufi ya kwanza ilikuwa M, na ya pili ilifanana na K. Yeye anashikilia kwamba ilikuwa N, kwa sababu anakumbuka msasa ulivyokwama katika ule mstari wa mshazari. Kuhusu vijistari, mimi nasema vinne, yeye anasema vitano. Mara ya mwisho alichukua kipande cha mvule na kisu, akachonga kama anavyokumbuka, akanionyesha. Nilikitazama kwa muda mrefu, nikamwambia kwamba sivyo zilivyokuwa.